Soketi za Jikoni Zimekufa: Namna ya Kufuata Hitilafu ya Umeme Mpaka Ilipo



Baridi ya Iowa imeshaingia, hita ndogo zimetolewa kabatini, na simu za umeme zimeanza kupigwa ofisini kwetu. "Soketi za jikoni hazifanyi kazi." "Chumba cha watoto hakina taa tangu juzi." "Breka inakata kila tukipika." Kwa jinsi ninavyozipokea simu hizi, familia zetu zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hukaa kimya wiki mbili, tatu, kwa kuogopa kumsumbua mwenye nyumba. Kundi la pili lina mtu aliyewahi kuwa fundi kule tulikotoka. Huyo hachelewi: anachukua bisibisi na kuanza kufungua ukuta. Somo la mwezi huu limesimama katikati ya hayo mawili. Kwa taa ya mezani, karatasi na kalamu unaweza kugundua mengi bila kulegeza skrubu hata moja, na ukiyaandika vizuri, mwenye nyumba hatapata nafasi ya kukujibu "nitaangalia" halafu akapotea.

Lakini yapo mambo yasiyosubiri somo. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki mahali ambapo hakuna aliyepika samaki, au ukiona moshi, toeni watoto nje kwanza, kisha pigeni 911 mkiwa nje. Taja neno "Swahili" na ubaki kwenye simu. Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Kifuniko cha soketi kikiwa cha moto ukikigusa, au ukuta ukivuma kama nyuki, zima breka ya sehemu hiyo na piga namba ya dharura ya jengo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maji yakivuja kupitia kwenye taa ya dari, usiguse swichi yake. Na taa za nyumba nzima zikianza kucheza, huku zinawaka kwa ukali kupita kawaida na kule zinafifia, zima breka kubwa ya juu kabisa, kisha piga simu kwa shirika la umeme na kwa mwenye nyumba saa hiyo hiyo. Huenda waya wa kurudishia umeme umelegea pale unapoingia nyumbani, na hali hiyo huunguza vifaa na hata nyumba.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, tuendelee.

Nyumba nyingi tulizokaa zamani zilikuwa na meni swichi moja na fyuzi mbili tatu. Hapa umeme huingia kwenye sanduku la chuma lenye mlango mdogo, ambalo huwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, kwenye kabati, au nyuma ya mlango wa chumba. Ndani utaona breka nyingi zimepangwa safu mbili. Kila breka inalinda njia moja ya umeme. Namba iliyoandikwa kwenye mkono wake, mara nyingi 15 au 20, ni ampea: kiasi cha umeme ambacho waya wa njia hiyo unaweza kubeba bila kupata joto la hatari. Mikono miwili iliyounganishwa pamoja ni ya vitu vikubwa, kama jiko la umeme na mashine ya kukausha nguo, vinavyotumia volti 240. Soketi za kawaida, au prizi kama wengi wetu kutoka Kongo tunavyoziita, zina volti 120.

Jambo la kushika ni hili: njia moja hupita kwenye soketi nyingi, moja baada ya nyingine. Fikiria watu waliojipanga kutoka bombani hadi nyumbani, wakipokezana ndoo. Mmoja akiachia mikono, waliomtangulia bado wana maji, ila walio nyuma yake wote hawapati kitu. Soketi nazo hupokezana hivyo. Kwa hiyo ukitafuta hitilafu, unatafuta mahali ambapo uzima unaishia na ufu unaanzia. Kosa liko karibu na mpaka huo.

Nitatumia nyumba moja niliyoitembelea mwezi uliopita hapa Des Moines. Ni nyumba ya zamani, ya kupanga, ya ghorofa mbili. Mama alinipigia kwamba friji imezima na soketi mbili za juu ya meza ya jikoni zimekufa. Baba alikuwa amevuta ekstensheni nyembamba, ile ya rangi nyeupe ya taa za Krismasi, kutoka sebuleni, akaipitisha chini ya zulia mpaka kwenye friji. Ndani ya friji kulikuwa na maziwa ya mtoto na dawa ya sukari ya bibi.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuchomoa ile ekstensheni. Waya mwembamba uliofunikwa na zulia hauna pa kutolea joto lake, na zulia ni kuni. Friji tuliisogeza ikachomekwa moja kwa moja kwenye soketi nzima ya ukuta wa pili. Ilichukua watu wanne na maneno mengi. Kumbuka pia kwamba friji isiyofunguliwa huhifadhi chakula kwa saa 4 hivi baada ya kuzima, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48. Waambie watoto wasifungue fungue.

Kisha tulichukua taa ya mezani ambayo tulihakikisha inawaka. Hili watu hulirukia. Usipime soketi kwa kifaa usichokuwa na uhakika nacho, maana mara nyingine kilichokufa ni kifaa. Na ukiwa na pasi uliyokuja nayo kutoka nyumbani, iliyotengenezwa kwa volti 240, hapa itatoa kama robo tu ya joto lake. Soketi haina kosa.

Tukapita chumba kwa chumba na ile taa, tukichomeka katika kila soketi, juu na chini, na kuandika: inawaka, haiwaki, inawaka inazimika. Ukifanya hivi kwako, kumbuka kwamba sebule nyingi za hapa hazina taa ya dari, na swichi iliyo karibu na mlango huwasha nusu ya soketi moja ili uchomeke taa ya kusimama. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenda kuona "soketi mbovu" iliyokuwa inasubiri tu swichi ya mlangoni iwashwe. Washa swichi zote za ukutani kabla ya kuandika kwamba soketi imekufa.

Katika nyumba ile karatasi ilituonyesha picha nzuri. Soketi tatu za jikoni hazikuwaka. Sebule na vyumba vyote vilikuwa sawa. Lakini soketi moja ya chumba cha kulia, iliyo karibu na mlango wa jikoni, iliwaka kisha taa ikafifia na kurudi yenyewe. Tukaiandika na kuchomoa taa mara moja.

Ndipo tukaenda kwenye sanduku. Fungua mlango mdogo tu. Kile kifuniko kikubwa cha chuma kilichofungwa kwa skrubu usikiguse, kwa sababu nyuma yake kuna sehemu zenye umeme hata breka zote zikiwa zimezimwa. Mikono iwe mikavu, sakafu iwe kavu. Breka iliyokata mara nyingi haiendi mpaka OFF. Inakaa katikati, na ukiitazama haraka utadhani ni nzima. Pitisha kidole juu ya safu, utaiona ile isiyolingana na wenzake. Ukiisukuma kwenda ON moja kwa moja haitashika. Isukume kwanza mpaka OFF kwa nguvu, kisha irudishe ON. Fanya hivyo mara moja. Ikikata tena papo hapo, iache, nitaeleza hapa chini.

Baadhi ya nyumba za zamani bado zina fyuzi za kioo za kuzungusha kama balbu. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa na fyuzi ya ampea zile zile, si kubwa zaidi. Ule ujanja wa kuunga fyuzi kwa waya mtupu tuuache huko huko. Ukishafanya hivyo, kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya ulio ndani ya ukuta wa mbao.

Breka ya jikoni katika nyumba ile ilikuwa haijakata. Tuliizima na kuiwasha, hakuna kilichobadilika. Tukarudi jikoni kutazama soketi yenye vitufe viwili, TEST na RESET, ambayo mafundi huiita GFCI. Soketi hii hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ya kama miliampea 5 tu ikionekana, maana yake umeme unapotea mahali fulani, pengine kwenye maji au kwenye mwili wa mtu, nayo hukata kabla mtu hajadhurika vibaya. Ndiyo maana huwekwa jikoni, bafuni, gereji na nje. Lakini ikikata, huweza kuzima pia soketi zilizo mbele yake kwenye ile foleni, hata zilizo chumba kingine. Soketi ya bafu la juu huweza kufa kwa sababu ya kitufe kilichokata gereji. Kwa hiyo zitafute zote, nyuma ya blenda, nyuma ya masanduku ambayo hamjafungua tangu mhamie, na bonyeza RESET ya kila moja mpaka usikie mlio wa kukamata.

Ile ya jikoni haikukamata kabisa. Soketi nyingi za aina hii zinakataa kukamata kama hakuna umeme unaozifikia. Basi tukaunganisha tulichokuwa nacho: breka inatoa umeme, chumba cha kulia kinaupokea kwa kusitasita, jikoni hakifiki kitu. Mpaka ulikuwa kati ya soketi ya chumba cha kulia na ya kwanza ya jikoni. Hapo tukazima breka, tukabandika karatasi yenye neno USIWASHE, tukaacha. Kazi ya mpangaji iliishia pale.

Sasa turudi kwa ile breka inayokata tena na tena, maana ndiyo malalamiko makubwa ya msimu huu. Chomoa kila kitu kilicho kwenye njia hiyo. Kuzima swichi ya kifaa hakutoshi, chomoa plagi. Rudisha breka. Ikikata ilhali hakuna kilichochomekwa, kuna shoti ndani ya ukuta au kwenye taa iliyofungwa; acha breka OFF na toa taarifa. Ikishika, chomeka vifaa kimoja kimoja, ukisubiri kidogo kati yake. Kifaa kinachokata breka papo hapo, peke yake, kina shoti ndani, na ni cha kutupa, si cha kumpa jirani. Lakini kama breka inashika dakika kumi au ishirini ndipo inakata, mara nyingi hakuna kibovu. Umezidisha mzigo.

Piga hesabu. Ampea zidisha kwa volti unapata wati. Breka ya 15 kwa volti 120 ni wati 1,800. Hita ndogo ya umeme kwenye kiwango cha juu huwa ni wati 1,500. Imebaki 300. Sasa washa birika la wati 1,500 kwenye njia hiyo hiyo: umeomba 3,000 kutoka kwa waya wa 1,800. Breka inakataa, na ina haki. Wati za kila kifaa zimeandikwa chini yake au nyuma yake. Hita ichomekwe peke yake, moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Na kama mnatumia hita kwa sababu mfumo wa joto wa nyumba haufanyi kazi, hiyo ni hitilafu nyingine inayotakiwa kuripotiwa leo, tena kwa haraka zaidi.

Nina neno kwa ndugu zangu mafundi. Wapo kati yenu waliofunga nyaya Kigoma, Kampala na Nairobi, waliowasha redio na taa za kambi nzima kwa betri na paneli za jua. Ufundi huo ni wa kweli. Lakini soma hili mara mbili. Katika nyaya za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, waya mwekundu ulikuwa wenye moto na mweusi ulikuwa wa kurudi. Hapa Marekani waya mweusi ndio wenye moto, mwekundu pia una moto, mweupe ndio wa kurudi, na wa kijani au wa shaba isiyo na ganda ni wa ardhi. Rangi ambayo mikono yako iliizoea kuwa ya amani ndiyo inayoua hapa. Tena katika nyumba za zamani hata mweupe hutumika kupeleka moto kwenye swichi. Usidanganywe na volti 120 kwamba ni ndogo. Zinatosha kusimamisha moyo. Na katika jimbo hili kazi ya kufunga nyaya kwenye nyumba ya kupanga ni ya fundi mwenye leseni. Ukifungua ukuta kisha kukatokea moto, wewe ndiye utakayeulizwa. Kama unataka kuurudia ufundi wako kihalali, njoo tuzungumze kuhusu uanagenzi: unalipwa huku unajifunza, na kwa kawaida huchukua miaka 4 au 5. Binafsi naona ni moja ya njia nzuri kwa vijana wetu.

Sasa taarifa. Kupiga simu ni vizuri, lakini simu haiachi alama. Andika, kwa ujumbe wa simu, barua pepe, au kupitia mfumo wa matengenezo wa jengo, na uhifadhi nakala. Familia ile waliandika hivi kwa Kiswahili, nasi tukawatafsiria:

"Leo ni tarehe 9 Novemba. Tangu tarehe 7 soketi tatu za jikoni hazina umeme, pamoja na ya friji. Breka namba 11 haijakata. Tuliizima na kuiwasha mara moja bila mabadiliko. Kitufe cha RESET cha jikoni hakikamati. Soketi ya chumba cha kulia iliyo karibu na mlango wa jikoni inafifia na kurudi. Tumezima breka namba 11 kwa usalama. Tuna mtoto mchanga na dawa inayohitaji friji. Tunaomba fundi wa umeme mwenye leseni. Picha zimeambatanishwa."

Linganisha na "umeme hakuna jikoni, tafadhali saidia." Ujumbe wa kwanza unamwambia fundi aende wapi, na unamwambia mwenye nyumba kwamba kuna hatari na kwamba ameshajulishwa, siku gani.

Wengi huniuliza, "Hawatatufukuza?" Sheria ya upangaji ya Iowa, sura ya 562A, inamtaka mwenye nyumba adumishe umeme wa nyumba katika hali nzuri na salama, na inamkataza kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika kwa haki. Sheria hiyo hiyo inamtaka mpangaji atumie umeme kwa busara, ndiyo sababu nimesema sana kuhusu ekstensheni na hita. Asipojibu, Jiji la Des Moines lina wakaguzi wa nyumba za kupanga, na tutakusaidia kuwapigia. Ila usiache kulipa kodi ya nyumba kwa hasira kabla ya kuongea nasi au na mwanasheria. Kodi ikikosekana, mwenye nyumba anapata sababu ambayo hakuwa nayo.

Katika nyumba ile fundi alifika siku iliyofuata. Alisoma ujumbe kwenye simu yake, akapita jikoni bila kusimama, akaenda kwenye ile soketi ya chumba cha kulia. Nyuma yake waya ulikuwa umesukumwa tu kwenye tundu badala ya kukazwa kwa skrubu, umelegea, na plastiki yake imekuwa ya kahawia kwa joto. Aliukata, akaweka soketi mpya, akakaza skrubu. Kabla ya chakula cha mchana friji ilikuwa imerudi mahali pake.

Karatasi ya soketi za nyumba yako, ukishaiandika, ibandike ndani ya mlango wa sanduku la breka ili anayebaki na watoto ajue breka ipi ni ya wapi. Ofisini tuna testa chache za kuchomeka, zile zenye taa tatu, ambazo huonyesha kama soketi ina umeme na kama nyaya zake zimefungwa sawasawa. Haihitaji kufungua chochote. Muulize mtu wa mapokezi, utaazimwa kwa siku tatu.